Gari Linachemsha? Kwanza Jua Linachemshia Wapi

Gari langu ni Toyota Corolla AE100, ile ambayo Kampala wanaiita Kikumi. Siku lilipoanza kuchemsha nilikuwa nimekwama kwenye foleni karibu na Clock Tower, jua la saa tisa, watoto nyuma wakijipepea kwa madaftari. Fundi wa kwanza alitoa themostati, kile kivalvu kinachofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto, akaitupa mtaroni. "Hiyo ni ya nchi za baridi, mzee." Wa pili akaniuzia rejeta. Nikarudi Arua, karibu kilomita 500, na mshale wa joto haukutikisika hata nilipopita Pakwach na joto lake lote. Nikaisifu rejeta njia nzima. Wiki mbili baadaye nikashuka tena Kampala, na kwenye foleni ileile gari likachemka kama birika.

Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Bombo, hakugusa spana. Aliniuliza tu: "Linachemshia wapi?" Nikamjibu kwamba ni kwenye foleni, likikimbia linapoa. Akachomoa soketi moja ndogo ya plastiki, akategea sikio, akatikisa kichwa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi. Ugonjwa ulikuwa relei ya feni, swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, kidude kidogo kuliko kiberiti. Themostati na rejeta yangu ya zamani hazikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuanza na swali la yule mzee, na ndilo ninaloanzia hapa.

Majibu ya swali na yanakoelekeza

Gari likichemsha limesimama au likitambaa kwenye foleni, kisha likapoa ukishika kasi, linakosa upepo. Barabarani upepo huingia wenyewe kwa mbele. Kwenye foleni upepo wote unatoka kwenye feni. Kwa hiyo tafuta feni na kila kinachoiendesha: fyuzi, relei, swichi ya joto, nyaya, na lile boksi la plastiki linaloizunguka.

Likitulia foleni lakini likapandisha mshale kwenye mlima, kwa mfano ukitoka Pakwach kwenda Nebbi na mzigo, au ukipanda Kapchorwa, basi feni iache kwanza. Pale injini inatoa joto jingi kuliko rejeta inavyoweza kulitoa. Rejeta imeziba kwa nje au kwa ndani, au maji hayazunguki vya kutosha kwa sababu ya pampu, mkanda uliolegea, themostati inayofunguka nusu, au paipu ya chini inayonywea.

Likichemsha popote, tena mapema, dakika tano au kumi tu tangu uwashe, fikiria maji yaliyopungua, themostati iliyokwama ikiwa imefunga, au gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na bloku.

Ikiwa mshale unapanda, unashuka ghafla, unapanda tena, mara nyingi kuna hewa ndani. Hapa madereva wengi hudanganyika. Kile kinachopima joto kimetengenezwa kuoga ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani na mshale unaweza kurudi chini huku injini inaungua. Dalili ya kukuokoa ni hita: iwashe kwenye joto la juu. Ikipuliza hewa baridi wakati mshale uko juu, maji hayafiki huko. Zima injini.

Andika majibu haya kwenye karatasi kabla ya kwenda gereji. Fundi mzuri atayafurahia, na fundi wa kubahatisha ataona huyu si mtu wa kuuziwa rejeta.

Usifungue kifuniko kikiwa cha moto

Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka paipu ya juu uishike bila kuruka. Weka kitambaa kinene, zungusha kidogo, ngoja mvuke utoke, ndipo umalizie. Maji ya rejeta yakiwa na shinikizo yanakurukia usoni mara tu shinikizo linapoachiliwa. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto. Chuma kinaweza kupasuka. Na kabla ya kuingiza mkono karibu na feni ya umeme chomoa kichwa cha betri, maana kwenye magari mengine feni huanza yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Jambo jingine: kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ina utamu, na ni sumu. Ukiimwaga uani, mbwa au mtoto ataionja. Ikinge kwenye beseni.

Maji na kifuniko, na kwa nini Uganda si pwani

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe mpaka shingoni. Kuangalia chupa ya akiba peke yake hakutoshi, kwa sababu chupa inaweza kujaa huku rejeta iko tupu ikiwa kifuniko hakivuti.

Kifuniko kina kazi mbili. Springi yake inashika shinikizo maji yakiwa ya moto, na kivalvu kidogo cha katikati kinarudisha maji kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Juu yake kumeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Nunua yenye namba ileile ya gari lako. Kubwa zaidi inaweza kupasua paipu kuukuu, ndogo inachemsha mapema.

Hapa ndipo nchi yetu inapotofautiana na Mombasa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Kampala na Arua, kwenye mita 1,200 hivi, yanachemka karibu nyuzi 96. Kabale, karibu mita 1,900, yanachemka karibu nyuzi 94. Sasa fikiria swichi ya feni ya Toyota za enzi ya Kikumi, ambayo huamsha feni karibu nyuzi 93. Kifuniko kikiwa kizima cha 0.9, maji ya Kampala yanavumilia mpaka karibu nyuzi 116, na feni ina nafasi kubwa ya kufanya kazi. Kifuniko kikiwa kimekufa, Kabale maji yanaanza kuchemka karibu dakika ileile feni inapoamka. Utasema feni haifai, utasema rejeta imeziba, kumbe ni mpira wa kifuniko uliokauka na kupasuka.

Kikague: mpira laini bila nyufa, springi inayorudi kwa nguvu, kivalvu cha katikati kinachovutika kwa kucha na kurudi. Ukikuta asubuhi paipu ya juu imenywea kama puto lililoisha upepo, kivalvu hicho hakifunguki. Kwangu mimi kifuniko kipya ndicho kitu cha kwanza kununua kwenye gari kuukuu lolote, hata kabla sijajua tatizo.

Kuhusu maji yenyewe: maji matupu ya bomba au kisima yanakula chuma na kuacha magadi kwenye vijia vya rejeta. Tumia kulanti, ukinunua ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongeza kwenye betri, na usiongeze maji kwenye ile inayouzwa ikiwa tayari imechanganywa. Usichanganye nyekundu na kijani bila kuosha kwanza. Na tafadhali: bizari, ute wa yai na sabuni ya kuziba tundu viachie jikoni. Tundu la milimita moja litaziba kweli, pamoja na vijia vingine ishirini ambavyo havikuwa na tundu.

Feni ya umeme: kufuata umeme kutoka mwisho kurudi mwanzo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Anza na jaribio jepesi kuliko yote. Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni moja au zote mbili lazima zizunguke. Zikizunguka, mota na nyaya zake kubwa ziko hai, na shaka inahamia kwenye swichi ya joto au mfumo unaoiamuru. Kama AC yako haina gesi siku nyingi, jaribio hili halikusaidii, endelea.

Tafuta swichi ya joto ya feni. Kwenye magari ya zamani iko chini ya rejeta au karibu na nyumba ya themostati, ina waya mmoja au mbili. Sasa soma kwa makini, maana hapa mafundi wengi hukosea. Swichi ziko za aina mbili na zinafanya kazi kinyume.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinatumia swichi iliyofungika ikiwa baridi. Maji yakiwa baridi inaunganisha waya na bodi ya gari, relei inavutwa, na kule kuvutwa ndiko kunakoizuia feni. Maji yakifika karibu nyuzi 93 swichi inafunguka, relei inaachia, feni inaunguruma. Wajapani walikuwa na akili: waya ukikatika, feni inazunguka muda wote, injini inapona. Kwa hiyo jaribio lake ni kuwasha ufunguo bila kuwasha injini na kuchomoa soketi ya swichi. Feni lazima ianze. Ndilo alilofanya mzee wa Bombo.

Magari mengine mengi yana swichi iliyo wazi ikiwa baridi na kufunga ikipata moto. Kwa hayo, kuchomoa hakuleti kitu. Unachomoa soketi kisha unaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, na feni lazima ianze.

Kama feni imeanza kwa jaribio la gari lako, lakini haianzi yenyewe maji yakiwa ya moto, swichi imekufa, au imekaa kwenye hewa kwa sababu maji yamepungua. Jaza maji na utoe hewa kwanza. Bado? Ifungue swichi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, na upime kwa malitimita, kile kipimo cha umeme. Ile ya Toyota lazima ipitishe umeme ikiwa baridi na ikate karibu nyuzi 93. Mkiwa Kabale mtakuwa na nyuzi moja tu ya kucheza nayo kabla sufuria haijachemka, kwa hiyo fanyeni polepole.

Kama feni imekaa kimya, rudi nyuma. Chomoa soketi ya feni yenyewe na uilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili nene, hakikisha chanya na hasi ziko mahali pake. Isipozunguka, mota imekufa. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikianza ukiigonga, brashi zake za kaboni zimekwisha. Katwe, Kampala, kuna watu wanaobadilisha brashi na kukurudishia mota ikiwa nzima, lakini kama bushi nazo zimekula na feni inatikisika, tafuta mota nyingine.

Ikizunguka vizuri kwa betri, kosa liko kabla yake. Angalia fyuzi, kwenye Toyota hizi ni ile ya ampea 30 yenye maandishi RDI FAN, chini ya boneti. Ichomoe uiangalie miguu, kwa sababu mara nyingi fyuzi ni nzima ila soketi yake imeungua na plastiki imeyeyuka. Kisha relei.

Na kwenye relei kuna mtego. Dukani Kiseka, soko la vipuri la Kampala, ukiomba "relei ya pini nne" utapewa relei ya pini nne, na itaingia. Lakini relei ya feni ya Toyota hizi hupitisha umeme ikiwa haijavutwa, kinyume cha relei ya honi au ya taa. Ukiweka ya honi, feni itazunguka injini ikiwa baridi, na feni hiyohiyo itazima pale injini inapopata moto. Nimeona gari la jirani likiendeshwa hivyo miezi kadhaa, mwenyewe akijivunia kwamba feni yake "inaanza mapema." Angalia mchoro mdogo uliopo juu ya kifuniko cha relei: kimstari kinagusa au hakigusi. Mpya ifanane na ya zamani, mchoro kwa mchoro.

Fyuzi na relei zikiwa nzima, pima umeme kwenye soketi ya feni wakati inazunguka. Ukipata karibu sawa na wa betri, sawa. Ukipata volti 10 au chini, umeme unamezwa njiani na kutu, mara nyingi kwenye boliti ya waya wa bodi. Kwangua, kaza, paka grisi.

Watu wengi wataishia kuunganisha feni moja kwa moja na swichi chini ya dashibodi. Ninaelewa, nimewahi kusafiri hivyo. Lakini siku moja utaisahau, na waya mwembamba usio na fyuzi unaopitisha ampea 6 hadi 10 muda wote ni moto unaosubiri siku yake. Ukilazimika, tumia relei, fyuzi ya ampea 30, na waya mnene, na uhesabu kwamba umeahirisha tiba.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu feni, madogo lakini yamewashinda wengi. Ukibadilisha mota au kugeuza nyaya, hakikisha inazunguka upande sahihi: weka karatasi mbele ya grili, feni iliyo nyuma ya rejeta lazima iinyonye ishike. Ikiisukuma, inapigana na upepo wa barabarani. Na lile boksi la plastiki kuizunguka feni si pambo. Mafundi hulitupa kwa sababu linawasumbua kufikia boliti. Bila hilo feni inazungusha hewa ileile ya moto pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima.

Magari ya baada ya mwaka 2000 hivi, kwa kawaida, hayana swichi hii. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru feni kwa kusoma kipima joto cha injini. Kwenye mengi, ukichomoa soketi ya kipima joto hicho injini ikiwaka, kompyuta hujilinda kwa kuwasha feni. Taa ya injini itawaka pia, usishtuke.

Feni ya mkanda, kwa wenye Hiace na Surf

Hapa hakuna umeme. Feni imefungwa kwenye klachi yenye mafuta ya silikoni, na springi bapa iliyo mbele yake inahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono: iwe na ukinzani kidogo. Ikizunguka huru kama pangaboi mara nyingi kabla ya kusimama, klachi imeisha. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukinzani uongezeke waziwazi. Alama za mafuta meusi yaliyotawanyika kutoka katikati ya klachi ni hukumu tosha. Kuna wanaoifunga klachi kwa boliti izunguke muda wote. Gari litapoa, litakula mafuta zaidi na kupiga kelele kama helikopta.

Mkanda nao: ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba usizame zaidi ya sentimita moja hivi.

Rejeta, nje na ndani

Kwa nje, usitazame rejeta tu. Mbele yake kuna kondensa ya AC, na takataka hujificha katikati ya viwili hivyo. Entebbe na kandokando ya Ziwa Victoria wadudu wa ziwani hujaza matundu kwa jioni moja. Msimu wa senene, barabara ya Masaka, ni hivyohivyo, na kumbikumbi wa mvua za kwanza. Ongeza vumbi jekundu la murami na tone la oili inayovuja, unapata udongo wa kufinyangia. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha ulikoingilia uchafu. Ile pampu ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, iweke mbali.

Kwa ndani, pasha injini moto, uizime, chomoa kichwa cha betri, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Joto lishuke taratibu kutoka upande maji yanakoingilia kwenda yanakotokea. Ukikuta mstari au kona ya baridi katikati ya joto, vijia hivyo vimeziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa vichwa na kuchokonolewa. Ile ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki mara nyingi haifai kuhangaikiwa, hasa plastiki ikishabadilika rangi kuwa ya kahawia. Itapasuka mlimani, na mlima utauchagua wenyewe.

Mtu mmoja akanyage mafuta huku wewe unatazama paipu ya chini. Ikijikunja na kubana, pampu inavuta kuliko rejeta inavyotoa: rejeta imeziba, au waya wa springi uliokuwa ndani ya paipu umeoza.

Kama gari ni otomatiki na maji yamekuwa ya waridi yenye mafuta, kipoza oili ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kimepasuka. Usiliendeshe tena hata kilomita moja, maana maji nayo yanaingia kwenye giaboksi.

Themostati na pampu

Washa injini baridi na ushike paipu inayokwenda kwenye rejeta. Ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla: themostati imefunguka. Mshale ukiwa juu na rejeta bado baridi, imekwama. Kuipima, itundike kwa uzi ndani ya sufuria. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka karibu nyuzi 82. Namba imechorwa juu yake.

Wale wanaoitoa wanasema huku kwetu kuna joto. Lakini injini inataka kufanya kazi karibu nyuzi 82 hadi 95 popote ilipo, Arua au Oslo. Bila themostati inakaa baridi barabarani, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya injini baridi, na silinda zinalika. Zaidi ya hapo, kwenye injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya dawa uliyolipia. Ukirudisha mpya, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kiwe juu, hewa itokee hapo.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya mhimili. Ukiona michirizi ya kulanti pale, sili imekufa. Shika puli uitikise. Isiwe na mchezo. Kwenye injini kama 3S-FE, ile ya Ipsum za kwanza, pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo ukifika huko badilisha vyote kwa mara moja. Kazi ya kufungua ni ileile.

Gasketi ya hedi: swali ambalo hutaki kuliuliza

Asubuhi, injini baridi, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, washa. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Viputo visivyokoma, vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Dalili nyingine: paipu ya juu kuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja tangu uwashe, kabla joto halijafika, maji kupungua bila tone sakafuni, moshi mweupe wenye harufu ya utamu, plagi moja safi kuliko wenzake, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, hutokea kwa magari ya safari fupifupi.

Gereji zenye vifaa wana kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya ekzosti juu ya maji ya rejeta. Omba hicho kabla ya kukubali kufunguliwa injini. Na hedi ikifunguliwa, usikubali irudi bila kupimwa unyoofu kwa rula ya chuma na geji. Kwa injini za familia ya 4A-FE kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, ambayo jicho haliioni.

Kujaza, kutoa hewa, kujaribu

Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko kidogo. Weka hita kwenye moto wa juu. Jaza taratibu kifuniko kikiwa wazi, washa, acha injini ingurume yenyewe. Maji yatashuka themostati ikifunguka; ongeza. Bonyeza paipu ya juu kwa kitambaa mara kadhaa mpaka viputo viishe na hita ipulize moto kweli. Funga kifuniko, jaza chupa ya akiba mpaka alama.

Kisha acha gari limesimama likiwaka kwa dakika ishirini. Usiliguse. Feni ianze yenyewe, izime yenyewe, ianze tena. Mzunguko huo ukitokea mara mbili bila mshale kuvuka katikati, upande wa foleni umepona. Ndipo utafute mlima.

Ukikwama njiani kabla hujatengeneza: zima AC, washa hita yote na ufungue madirisha, na kwenye foleni weka gia huru. Kama mshale haushuki ndani ya dakika moja au mbili, egesha na uzime.

Asubuhi inayofuata, chukua kalamu ya wino mzito uweke alama kwenye chupa ya akiba pale maji yalipo, na uitazame kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kuwasha. Yangu ilishuka upana wa kidole siku ya kwanza, hewa ya mwisho ikitoka. Kuanzia siku ya pili haikuachana na wino.